Kifafa cha Watoto Wadogo: Si Kila Mtoto Huanguka

(Hotuba iliyosomwa na mhudumu wa jamii mbele ya wazazi, wakunga na viongozi wa vijiji vya kambi, upande wa Bwera, wilaya ya Kasese)

Kwanza kabisa nawashukuru kwa kuacha foleni ya maji na kazi za nyumbani mkaja kunisikiliza. Najua mimi ni kijana, na kwa desturi yetu kijana hawafundishi wazee kulea watoto. Kwa hiyo sikuja kufundisha. Nimekuja kusema jambo moja ambalo familia yetu ililijua kwa kuchelewa, ili familia yenu isichelewe.

Jambo lenyewe ni hili: mtoto anaweza kuwa na kifafa bila kuanguka, bila kutoa povu, bila kutetemeka mwili mzima. Na kwa mtoto mdogo, kifafa cha namna hiyo ambacho hakionekani kwa urahisi kinaweza kumharibu kuliko kile cha kuanguka.

MTOTO WA DADA YANGU

Wengi wenu mlivuka pale Mpondwe kama sisi tulivyovuka, kutoka upande wa Beni. Dada yangu mkubwa alivuka akiwa na mtoto mgongoni, miezi sita. Mtoto alikuwa mnene, anacheka, anashika nywele za kila mtu anayembeba.

Baada ya siku chache tukaona kitu kigeni. Kila akiamka usingizini mtoto anainamisha kichwa ghafla, mikono inafunguka pembeni, halafu anarudi kama kawaida. Sekunde chache zinapita, anainama tena. Na tena. Mara kumi, mara ishirini. Kati ya kuinama na kuinama analia kidogo. Halafu basi, mpaka usingizi mwingine.

Bibi yetu alisema ni mchango, tumbo linamsokota. Jirani alisema ameshtuka kwa sababu ya milio tuliyoikimbia. Mimi niliyesoma sekondari nilisema anacheza. Katika kituo kimoja cha afya njiani tukapewa dawa ya maji ya tumbo. Hakuna aliyesema vile kwa ubaya. Kila mmoja alisema alichojua.

Miezi mitatu ikapita. Jambo lililotuumiza zaidi halikuwa kuinama. Lilikuwa kwamba mtoto aliacha kucheka. Ukimwita hageuki. Alikuwa ameanza kukaa, akashindwa tena kukaa. Dada akasema, “Mtoto wangu yupo hapa lakini ameondoka.”

Daktari mmoja ndiye aliyemsikiliza dada mpaka mwisho. Hakumkatiza. Akamwomba aigize kwa mikono yake namna mtoto anavyoinama. Kijana mmoja wa jirani alikuwa amempiga mtoto picha ya video kwa simu, daktari akaiangalia mara mbili. Akasema hii si tumbo, hiki ni kifafa, na ni kifafa cha haraka. Mtoto akapelekwa mjini kupimwa mawimbi ya ubongo. Hapo ndipo mimi nilipojifunza haya nitakayowaeleza.

MAWIMBI YA UBONGO NI NINI

Ubongo hufanya kazi kwa umeme. Msiogope neno hilo. Si umeme wa nyaya za barabarani. Ni umeme mdogo mno, unaopimwa kwa sehemu ya milioni ya volti moja. Betri moja ya tochi ina nguvu kuliko huo mara maelfu mengi. Chembe za ubongo hupelekeana habari kwa umeme huo, na zinapofanya kazi kwa pamoja, umeme wake hupanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa.

Mtu wa kwanza kuandika mawimbi hayo kutoka kichwani mwa binadamu alikuwa daktari wa Ujerumani, Hans Berger, katika mji wa Jena mwaka 1924. Alitangaza habari zake mwaka 1929. Tangu hapo madaktari duniani kote wanatumia kipimo hicho.

Namna ya kupima ni hii. Mtoto anawekewa nyaya nyembamba juu ya ngozi ya kichwa, zinashikizwa kwa dawa inayonata kama uji mzito. Nyaya zinapeleka mawimbi kwenye mashine, na mashine inayachora kama mistari. Kipimo huchukua karibu nusu saa, au zaidi kama mtoto anasubiriwa alale, kwa sababu usingizini mambo mengi hujitokeza. Hakuna sindano, wala mtoto hasikii maumivu.

Nimeulizwa na mama mmoja hapa kambini kama mashine hiyo inatia umeme kichwani. Hapana. Inasikiliza tu, kama daktari anavyosikiliza moyo. Mzee mwingine aliuliza kama inasoma mawazo ya mtu. Hapana. Haiwezi kujua unampenda nani wala unamdai nani.

Mawimbi ya mtoto hayafanani na ya mtu mzima. Mtu mzima aliye macho, ametulia na kufumba macho, mawimbi yake ya nyuma ya kichwa huenda mara 8 mpaka 13 kwa sekunde moja. Mtoto wa miezi mitatu au minne huenda polepole, mara 3 au 4 hivi. Akifika mwaka mmoja ni mara 5 au 6. Akifika miaka mitatu hukaribia 8. Kwa maneno mengine, ubongo wa mtoto unajifunza mwendo wake kama mguu unavyojifunza kutembea. Ndiyo maana asomaye mistari ile lazima ajue umri wa mtoto.

Kifafa kikiwepo, chembe nyingi hupiga umeme kwa pamoja bila mpango. Fikirini mkutano huu wetu. Mmoja akisema na wengine wakisikiliza, tunaelewana. Wote tukipiga kelele mara moja, hakuna habari inayofika. Ndivyo inavyokuwa ndani ya kichwa cha mtoto.

NAMNA NNE ZA KIFAFA CHA WATOTO

Nitataja namna nne ili macho yenu yazitambue.

Ya kwanza ni ile inayojulikana na kila mtu. Mtoto anaanguka, anakakamaa, anatetemeka, pengine anajikojolea, halafu analala. Hii sina haja ya kuieleza sana.

Ya pili ni ya mtoto mchanga anayeinama, kama mtoto wa dada yangu. Huanza mara nyingi kati ya mwezi wa tatu na wa kumi na mbili. Mtu aliyeiandika kwanza alikuwa daktari wa Uingereza, William James West, mwaka 1841. Naomba mjue habari zake, kwa sababu mtoto aliyemwandika alikuwa wake mwenyewe. Alieleza kwamba mwanawe anainamisha kichwa mbele na kukirudisha, mara kumi mpaka ishirini au zaidi kila kipindi, na kwamba mtoto aliyezaliwa mzima amepoteza furaha yake. Alikuwa amejaribu dawa zote za wakati ule, hata ruba za kunyonya damu, bila kufaulu. Akaandika barua kwenye gazeti la madaktari kuwauliza wenzake kama kuna aliyewahi kuona kitu kama hicho. Kwa hiyo, mama unayedhani umekosa akili kwa sababu hukuelewa ugonjwa wa mwanao, jua kwamba hata daktari hakuuelewa ugonjwa wa mwanawe.

Jina walilolipa wakati ule linafanana na neno letu: salamu. Walisema ni mshtuko wa salamu, kwa sababu mtoto anainama kama mtu anayesalimia kwa heshima. Mtoto anasalimia, lakini mgeni hayupo.

Mwaka 1952 watafiti wa Marekani, Frederic Gibbs na mkewe Erna, walieleza mawimbi ya watoto hawa. Yalikuwa marefu sana, yasiyo na mpango, hili linapanda huku lile linashuka, bila mwendo mmoja. Jina walilotoa lina maana ya urefu na vurugu. Daktari alipotuonyesha ya mtoto wetu nilitazama nikaona kama milima ya Rwenzori imechorwa na mtu anayekimbia. Na mawimbi hayo hayakuwepo wakati wa kuinama tu. Yalikuwepo hata mtoto alipotulia mikononi mwa mama yake.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Katika kifafa cha namna hii vurugu ya mawimbi yenyewe inauzuia ubongo kujifunza. Mtoto haoni vizuri uso wa mama, hasikii vizuri jina lake, kwa sababu ndani kuna kelele mchana na usiku. Kila wiki inayopita ni wiki ya kujifunza iliyopotea. Uchunguzi uliofanyika Uingereza ulionyesha kwamba watoto waliochelewa kupata matibabu walikuwa nyuma zaidi baadaye kuliko waliotibiwa mapema. Dawa zake zipo. Mojawapo ni predinisoloni, nyingine ni vigabatrini. Lakini hizi si dawa za kununua dukani kwa kusikia mimi. Zina madhara yake, na ni daktari peke yake anayezipima.

Ya tatu ni ya mtoto mwenye umri wa kwenda shule, miaka minne mpaka kumi hivi. Anazungumza au anakula, ghafla anakoma. Macho yanatazama mbele bila kuona, pengine kope zinacheza. Sekunde kumi hivi, halafu anaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Inaweza kutokea mara nyingi sana kwa siku. Mwalimu anasema ana usingizi au ni mkaidi, na anamchapa. Mawimbi ya mtoto huyu huonyesha ncha kali na wimbi, ncha na wimbi, mara 3 kila sekunde, kwa mpangilio kabisa. Walimu walio hapa, nawasihi: mtoto anayekoma ghafla katikati ya sentensi mara kwa mara, msimchape. Mwiteni mzazi wake.

Ya nne ni ya kutikisa kichwa. Hii inatuhusu sisi tunaoishi karibu na mito, nitaieleza peke yake.

KUTIKISA KICHWA NA INZI WA MTONI

Katika kaskazini ya Uganda, wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo, watoto wengi wa kati ya miaka mitano na kumi na tano walianza kutikisa kichwa, hasa wakiona chakula. Kichwa kinashuka na kupanda, chakula hakiliwi, mtoto anadhoofika na kudumaa. Wengi walianza baadaye kuanguka kifafa cha kawaida. Mambo haya yalizuka wakati watu wengi wa huko walikuwa wakikaa kambini kwa sababu ya vita, kama sisi. Kwa hiyo kila maneno yalisemwa. Wengine walisema ni roho za waliouawa. Wengine walishuku silaha, wengine chakula cha msaada.

Madaktari walipopima mawimbi ya watoto hao waliona kwamba kutikisa kule ni kifafa. Kwa muda mfupi shingo inapoteza nguvu na kichwa kinaanguka. Mashine iliandika ncha na mawimbi ya polepole, karibu mara mbili na nusu mpaka tatu kwa sekunde. Ugonjwa huo haukuwa mpya. Huko Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alikuwa amewaona watoto wa namna hiyo tangu miaka ya 1960, katika kliniki ya kifafa aliyoianzisha.

Sehemu hizo zote zina jambo moja: mito yenye maji ya kasi na inzi weusi wadogo wanaouma mchana. Inzi hao hueneza mnyoo unaoleta upofu wa mtoni, ambao wengi huuita usubi. Mahali ambapo mnyoo huo ni mwingi, kifafa cha watoto ni kingi pia. Kabarole, majirani zetu wa kaskazini hapa Uganda magharibi, watafiti waliliona hilo miaka ya 1990. Huko kwetu Kongo limeonekana Ituri, katika eneo la Logo. Namna hasa mnyoo unavyouletea ubongo kifafa bado inachunguzwa, lakini uhusiano wake umeonekana nchi nyingi.

Sasa tuangalie hapa tulipo. Mto Lhubiriha, huu tuliouvuka mpakani, uliwekwa katika orodha ya Uganda ya maeneo ya ugonjwa huo. Mto Nyamugasani nao uliwekwa humo. Ndiyo maana wenyeji wa kando ya mito hiyo waligawiwa vidonge vya ivamektini kwa miaka mingi. Kampuni ya Merck ilianza kuvitoa bure kwa ugonjwa huu mwaka 1987. Vidonge huua minyoo midogo, lakini ule mkubwa hubaki hai mwilini zaidi ya miaka kumi, ukiendelea kuzaa. Kwa sababu hiyo kumeza mara moja hakutoshi.

Huko Kitgum na Pader serikali iliongeza ugawaji wa vidonge kuwa mara mbili kwa mwaka, na kuanzia 2012 ikatia dawa mitoni kuua viluwiluwi vya inzi. Baada ya hapo watoto wapya wa kutikisa kichwa walikoma kupatikana. Ndugu zangu, hilo ni jambo la kutia moyo sana. Ugonjwa ulioitwa laana ulizuiwa kwa vidonge na kwa kutibu mto.

Kwa hiyo wagawaji wakipita hapa, msijifiche. Najua kuna wanaosema vidonge vinaondoa uzazi. Si kweli. Kuwashwa na kuvimba kidogo baada ya kumeza kunaweza kutokea, kwa sababu minyoo inakufa, na kunapita. Wasiopewa ni watoto wa chini ya miaka mitano au wafupi kuliko sentimita 90, wajawazito, mama aliyejifungua wiki hiyo, na mgonjwa mahututi. Na wewe uliyetoka misitu ya Kongo, mwambie mgawaji umetoka wapi, na kama umewahi kuona mnyoo ukipita jichoni. Baadhi ya sehemu hizo zina mnyoo mwingine, na mwenye mnyoo huo kwa wingi anaweza kudhurika na kidonge hiki asipoangaliwa kwanza.

DEGEDEGE NI JAMBO JINGINE

Mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano anaweza kupata degedege kwa homa kali. Wengi hupona na hawawi na kifafa. Lakini hapa kwetu homa kali mara nyingi ni malaria, na malaria ikipanda ubongoni inaua, au inaacha kifafa. Usikae nyumbani ukisubiri mganga.

Madaktari wa Kilifi, pwani ya Kenya, walipima mawimbi ya ubongo ya watoto waliozimia kwa malaria miaka ya 1990. Waligundua kwamba wengine walikuwa bado katika kifafa ingawa mwili ulikuwa umelala kimya. Palikuwa na jicho linalogeuka upande mmoja tu, au kidole kinachocheza, au mate yanayotoka. Kwa hiyo usiseme, “Ametulia sasa, kesho tutampeleka.” Mtoto aliyetulia lakini haamki hajatulia. Mpeleke usiku huo huo.

TUFANYE NINI

1. Mama ndiye mashine ya kwanza. Mashine ya mawimbi haipo kila hospitali. Utaikuta katika hospitali kubwa za mijini kama Mulago, Kampala. Lakini macho yako yapo hapa. Angalia: huanza saa ngapi, akiamka au akila? Mara ngapi? Upande mmoja au pande zote? Huchukua muda gani? Baada yake analia, analala au anaendelea? Kama kuna mwenye simu, apige video. Video ya nusu dakika imemsaidia daktari wetu kuliko maneno yetu yote.

2. Tofauti ya tumbo na kifafa. Mtoto wa tumbo analia mfululizo, anakunja miguu, pengine hutulia akibebwa. Mtoto wa kifafa cha kuinama hurudia jambo lile lile kwa vipindi, hasa akiamka, na kumbeba hakumzuii. Akianza kupoteza alichokwisha kujua, yaani kucheka, kukaa, kushika, usihesabu siku. Njoo zahanati, na mwambie mhudumu waziwazi: “Mtoto amerudi nyuma.”

3. Akianguka kifafa, mlaze ubavu, mwekee nguo laini chini ya kichwa, mwondoe penye moto na mawe. Usitie kijiko mdomoni. Usimwagie maji. Usimshike kwa nguvu. Usimpe dawa wala chakula mpaka aamke kabisa. Ikipita dakika tano, au akianguka tena kabla ya kuamka, au ikiwa ni mara ya kwanza, au ana homa, mkimbizeni zahanati. Dereva wa boda boda asikatae kumbeba.

4. Povu haliambukizi. Nimesikitika kuona mtoto wa kambi hii ameungua mguu kwa sababu watu waliokuwepo waliogopa kumtoa motoni. Kifafa hakipiti kwa mate, wala kwa mkojo, wala kwa kula sahani moja. Mguse. Ukiogopa wewe, ataungua yeye.

5. Tukinge moto na maji. Kwenye nyumba yenye mtoto wa kifafa, jiko la mafiga lijengewe ukuta mdogo wa udongo. Asitumwe mtoni peke yake. Alale chini, si juu ya kitanda kirefu.

6. Dawa ni ya kila siku. Fenobabitoni, kabamazepini au valproeti, yoyote atakayopewa, haifanyi kazi ikimezwa siku ya kuanguka tu. Na ukiiacha ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kisikome. Hata kama hajaanguka mwaka mzima, usiache bila daktari. Kwa kawaida husubiriwa angalau miaka miwili bila kifafa kabla ya kufikiria kupunguza.

7. Kabla ya basi kuondoka. Hili nalisema kwa mkazo. Wengi wetu huandikwa kuhamishiwa Kyaka II, Rwamwanja au kwingine. Jina likisomwa, watu hufunga turubai na sufuria, wanasahau dawa. Mtoto anafika huko, kadi haijasomwa, wiki mbili zinapita bila kidonge. Kwa hiyo jina lako likisomwa, kabla ya kufunga sufuria nenda zahanati. Omba dawa za kutosha mwezi mmoja na karatasi yenye jina la dawa na kipimo chake. Karatasi hiyo ifungwe pamoja na kadi ya mgao, maana kadi ya mgao haipotei.

8. Tumwombee na tumtibu. Wachungaji, mapadri na mashehe waliopo, sisi tunahitaji sala zenu. Tunaomba tu msimwambie mama aache dawa ili kuonyesha imani. Anayesali ameza kidonge hajamkosea Mungu.

MWISHO

Mtaniuliza, mtoto wa dada yako yuko vipi? Baada ya kupata dawa, kuinama kulikoma katika wiki chache. Kipimo cha pili kilionyesha mawimbi yametulia zaidi. Sasa ana miaka minne. Anatembea. Haongei bado. Akimtaka mama yake anavuta kitenge chake. Lakini amerudi kucheka, na siku aliyocheka mara ya kwanza bibi yetu alitoka nje kuwaita majirani waje kushuhudia.

Daktari hawezi kutuambia angekuwaje kama tungefika miezi mitatu mapema. Dada haulizi tena. Mimi bado najiuliza, kwa sababu mimi ndiye niliyesema anacheza. Ndiyo maana nimesimama hapa leo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ugonjwa huu ni mdogo sana: kichwa kinachoinama mara kumi mtoto akiamka, macho yanayokoma kidogo, kijiko kinachoanguka mtoto akiona chakula. Ukiuona kwa mwanao, au kwa mtoto wa jirani, njoo mlangoni kwangu hata usiku. Sitakucheka, na sitasema ni mchango. Tutakwenda zahanati pamoja.

Sasa mwenye swali aulize, na akina mama waanze.